Mtoto wa Getini

Wewe unayesoma, umewahi kumtafuta mtu ambaye hajawahi kuzaliwa? Nasema kumtafuta kweli, kwa miguu, ukichungulia nyuma ya ukuta wa jirani na kuuliza wapita njia kama wamemwona mtoto wa kike mwenye gauni la kijivu na kiatu kimoja. Mimi nimemtafuta. Tena nilijua kabisa kwamba hayupo, maana mimi ndiye niliyemfanya awepo. Nilimtafuta kwa sababu dada yangu alikuwa amenishika mkono, na hakuwa tayari kurudi nyumbani bila yeye.

Ngoja nikueleze nyumba yetu kwanza, ndipo utaelewa.

Tunaishi wawili, mimi na Dada. Waume zetu wametangulia, wake kwanza, wangu baadaye. Vyumba ni viwili na sebule. Sebuleni hakuna makochi, tuliyatoa ili tuweke meza ndefu ya kupigia pasi, iliyotandikwa blanketi kuukuu na juu yake kitambaa cheupe. Upande wa dirishani kitambaa kina alama ya kuungua, umbo la pasi kamili na ncha yake, na kila mmoja wetu anasema ni mwenzake aliyeiacha pasi ikalala. Dada alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa mpaka akastaafu. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nashona sare za shule. Sasa tunapokea mashuka ya gesti iliyo ng'ambo ya barabara. Wao wanafua, sisi tunapiga pasi na kukunja.

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja, labda kama unataka liburuzike sakafuni. Mnasimama mbalimbali, kila mtu na pembe zake mbili. Mnalivuta mpaka linapiga "pa!", mnakunja kati, mnavuta tena, halafu mmoja anatembea kumfuata mwenzake, anamkabidhi pembe zake, anainama kuokota mkunjo uliobaki chini. Kwa Dada sheria haibadiliki, anayetembea ni mdogo. Mkubwa anasimama palepale.

"Mimi nimeshatembea vya kutosha," husema. "Njoo wewe, Karani."

Ananiita Karani tangu siku niliyoweza kuandika jina langu. Yeye shule hakukaa sana. Akiwa mtoto alipelekwa kukaa kwa shangazi yetu, mji mwingine, akasaidie kulea watoto. Kwetu habari hiyo ilisimuliwa kama bahati kubwa. Alirudi mwanamwali, ana viatu, anajua kupiga pasi shati la mwanamume bila kuacha mkunjo kwenye kola. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu alibahatika," na Dada alikuwa akiinuka kwenda kuchota maji, hata kama ndoo zimejaa.

Siku hizi akili yake inakwenda na kurudi. Asubuhi atakukumbusha kwamba sabuni imebaki kipande. Mchana atakuuliza wewe ni nani na nani kakuruhusu kuingia. Mikono ndiyo haijasahau kitu. Mpe shuka, atalitafuta pindo na kuligeuzia ndani kabla hajakumbuka jina lako.

Sasa, mimi Jumamosi huwa nakwenda maktaba ya mtaa. Kuna chama cha waandishi pale, ingawa waandishi wenyewe ni dereva mstaafu, wasichana wa chuo, mwuza miwani mmoja, na mimi bibi wa darasa la saba. Mkutubi wetu ni kijana mwenye subira. Alitupa kazi, kila mtu atunge hadithi moja ya watoto, zikusanywe zitolewe kijitabu. Halafu akatufundisha njia yake. Unaandika sentensi moja kwenye simu, ile programu ya akili mnemba inakutengenezea picha, kisha hadithi unaitoa kwenye picha.

"Lakini msiandike mlichokiomba," alisema, akizunguka kati ya meza na kikombe chake cha chai. "Mlichokiomba mnakijua tayari. Tafuteni kwenye picha kitu ambacho hamkukiomba. Mwandike hicho."

Dereva mstaafu akainua mkono. "Yaani mashine ikikosea ndiyo sisi tunapata hadithi?"

"Hasa."

"Basi mke wangu ni mwandishi mkubwa na hajijui. Makosa yangu yote anayo kichwani."

Tukacheka mpaka mwuza miwani akavua ya kwake kuipangusa.

Simu yangu ni ya vibonyezo, haiwezi mambo hayo, kwa hiyo kazi hiyo nilifanyiwa nyumbani na mjukuu wangu. Tunamwita Chaji, maana hajawahi kuingia nyumba yoyote akasalimia kabla ya kuuliza chaja iko wapi. Nilimwambia aandike hivi: Mtoto wa kike amesimama mbele ya geti la bluu, jioni, ana kifurushi mkononi. Nilitaka hadithi nyepesi. Mtoto anagonga, anafunguliwa, ndani anamkuta kasuku anayejua hesabu. Basi.

Picha ilikuja kabla sijakaza miwani puani. Geti la bluu lilikuwa limepauka, na ukuta ulikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Mtoto alikuwa wa miaka minane au tisa, gauni la kijivu lenye kola ya duara. Mimi ni mshonaji, niliona mara moja kwamba kola ile haina mshono popote, imeota tu shingoni kama sikio. Mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu. Na mkono ulioshika kifurushi ulikuwa umekosewa vibaya, vidole vimezama kwenye kitambaa, huoni kidole kinaishia wapi na kifurushi kinaanzia wapi.

Chaji alicheka. "Bibi, cheki mkono, umeyeyuka! Nitengeneze nyingine?"

"Mwache huyuhuyu," nilisema. Nilikuwa nimeshakiona nisichokiomba, kile kiatu kimoja. Nikawaza, kingine kiko wapi? Hadithi hiyo imekuja yenyewe.

Chaji akaenda kuichapa kwenye duka la kutoa kopi, karatasi nzuri ya kung'aa. Nikaibandika kwa selotepu kwenye mlango wa kabati, kando ya meza ya pasi, ili niitazame nikiwa kazini. Sikuwaza zaidi ya hapo. Picha iliyo kwenye simu, mtu anaizima ikaisha. Ile iliyobandikwa kabatini ilikuwa imehamia kwetu.

Dada aliiona kesho yake asubuhi. Akasimama mbele yake na chupa ya kunyunyizia maji mkononi.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Si wa mtu, Dada. Ni picha ya hadithi yangu."

"Nimekuuliza ni wa nani, sijakuuliza ni ya nini." Akasogeza uso. "Ameshika kwa nguvu, masikini. Angalia mkono."

"Mashine imekosea mkono."

"Ameshika kwa nguvu," akarudia, kama anayemweleza mtu asiyesikia vizuri. "Mbona hamumfungulii?"

"Atafunguliwa. Hadithi haijafika huko."

"Haijafika! Jua linazama, mtoto yuko nje, Karani ananiambia haijafika."

Nilicheka. Siku ile nilicheka, na nilipomsimulia Chaji kwenye simu naye akacheka. Mchana tulipokaa kula, Dada alikata mkate wake nusu, nusu moja akaiweka kwenye sahani, akaifunika kitambaa safi, akaipeleka dirishani. Nikamwuliza ya nani. Akanitazama kwa mshangao. Jioni akafanya hivyo tena, ila safari hii mkate wote ulikwenda dirishani, na yeye akanywa chai kavu.

"Kula, Dada."

"Nitakula akiingia. Utakulaje na mtu yuko mlangoni anakuangalia?"

Ukiisikia hivyo unaweza kudhani ni tabia ya kupita. Haikupita. Alikataa mayai, alikataa supu, alikataa ndizi mbivu ambazo maisha yake yote hakuwahi kuzikataa. Nilipomlazimisha alikaza meno kama mtoto anayenyweshwa dawa. Bangili yake ya shaba, ambayo huwa haitoki bila sabuni, ikaanza kuteleza hadi kwenye vidole kila anaposhusha mkono. Tukiwa tunapiga pasi niliisikia ikigonga meza, tik, tik, na kila ikigonga nilihisi mimi ndiye niliyeilegeza.

Ndipo akaanza kumtafuta. Mchana mmoja nilitoka uani kuanua nguo, niliporudi mlango wa mbele uko wazi na pasi inatoa moshi juu ya shuka la watu. Nikaichomoa, nikakimbia hivyohivyo na ndara. Nilimkuta ng'ambo, kwenye geti la gesti, anamhoji mlinzi.

"Mama mkubwa," mlinzi alikuwa anamwambia kwa utani, "hapa watoto hawaingii bila wazazi."

"Ndiyo maana namtafuta mzazi wake," Dada akajibu. Hakuwa anatania.

Alinishika mkono. Tukazunguka mtaa mzima, nyuma ya ghala, kwenye kituo cha maji, kwa fundi simu anayekaa chini ya mwavuli. Fundi simu ni kijana wa watu, aliinua kichwa akauliza kwa huruma, "Ana umri gani?"

"Minane au tisa," nilijibu. "Gauni la kijivu. Hana kiatu kimoja."

Nilijisikia nikisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, na nikaogopa. Fundi aliahidi kuangalia. Wale vijana wanaokaa naye nao wakaahidi. Mtaa mzima sasa unamtafuta mtoto wa mashine.

Tuliporudi nilifanya lile ambalo pengine na wewe ungelifanya. Dada alipolala kidogo, niliibandua picha nikaificha chini ya godoro langu. Alipoamka hakupiga kelele. Alisimama mbele ya kabati, akawa anazigusa alama za selotepu kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine, zote nne.

"Mmemwambia aende wapi?" akauliza.

Nikaitoa nikaibandika tena, na kwa haraka niliibandika upande, ikakaa imeinama kidogo.

Chaji alipokuja nilimkalisha kitako. "Nitengenezee nyingine. Mtoto yuleyule, gauni lilelile, ila sasa yuko ndani, amekaa mezani, anakula."

Akaandika. Picha ikaja. Alikuwa msichana mwingine kabisa, kidevu kirefu, anacheka meno yote nje, mezani kuna matunda ambayo hata majina yake siyajui. Akajaribu tena, akaja wa tatu. Akaipiga picha yetu ya kabatini akaiingiza humo kwenye simu, akaiamuru impeleke ndani huyohuyo. Akatoka mtoto anayefanana naye, lakini amelainishwa uso kama aliyepigwa pasi, na miguuni ana viatu viwili.

"Haiwezi kumrudia, Bibi," Chaji akasema. "Haimjui. Kila ukiiomba inaanza upya."

"Sasa yule wa kwanza ilimtoa wapi?"

"Hakutoka popote. Ni hesabu tu. Imeona picha za watu wengi mno, inakisia mtu anavyokuwa."

Tulimwonyesha Dada zote. Aliishika simu kwa mikono miwili, akazipitisha taratibu, kwa heshima, kama anayeonyeshwa picha za harusi ya jirani.

"Watoto wazuri," alisema. "Lakini hawa ni wa watu. Warudisheni kwao. Na huyu mwenye viatu, nani kamvika? Mnadhani sitamjua?"

Chaji alinifuata jikoni. Macho yalikuwa mekundu. "Bibi, kwa nini usimwambie tu ukweli? Tunamlisha uongo."

"Nimemwambia. Ananisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa, halafu anafunika mkate."

"Basi tuichane."

"Nenda kaichane wewe."

Alitoka kwenda sebuleni. Aliporudi picha ilikuwa bado ipo, tena imenyooshwa vizuri, imebandikwa selotepu mpya.

Nesi wa zahanati alikuja kumpima. Ni mwanamke wa makamo, anaongea kwa sauti ya chini, na kwa baridi ya mikono yake huwa anaomba radhi kabla hajakugusa. Alimpima presha, akabana ngozi ya mkono, akaiangalia inavyochelewa kurudi. Akaniambia pembeni, ingawa nyumba yetu haina pembeni, "Mama, akifika Jumatatu hali ikiwa hii, itabidi tumlaze. Tumwekee dripu."

Dada alilidaka neno moja tu. "Tumlaze wapi?"

"Hospitali, mama. Siku chache tu."

"Mtaniacha huko?"

"Utahudumiwa vizuri."

"Sikuuliza hivyo, mwanangu." Akanigeukia mimi. Siku ile akili yake ilikuwa imerudi yote, nilimwona ndani ya macho. "Karani, wakiniacha huko, nani atakuja kunichukua?"

"Mimi, Dada. Nani mwingine?"

Dada akaanza kukunja foronya.

Nikakaa kuandika. Niliona hiyo ndiyo njia iliyobaki. Ikiwa mashine haiwezi kumwingiza yule mtoto ndani, basi nimwingize mimi kwa kalamu. Sikuwa naandika tena kwa ajili ya kijitabu cha maktaba. Niliandika kwenye meza ya pasi, nimesogeza mashuka, picha iko mbele yangu, na Dada amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mikono mapajani.

Nikamsomea ya kwanza. Mtoto aligonga, akafunguliwa na mama mnene mwenye aproni, akaambiwa karibu mwanangu, tulikuwa tunakusubiri.

"Hapana," Dada akasema.

Nikaandika nyingine. Hii ilikuwa na kile kiatu kilichopotea, na kasuku wangu anayejua hesabu.

"Kasuku!" Akacheka, kicheko kifupi kikavu, cha kwanza baada ya siku nyingi. "Umezeeka vibaya, mdogo wangu. Mtoto ana njaa, wewe unamletea kasuku."

"Basi niambie wewe nani anamfungulia."

"Wewe ndiye karani."

Nikainama tena. Safari hii sikufikiri, niliiacha kalamu iende, na ilipofika mahali pa kufungua geti iliandika neno shangazi. Sijui kwa nini. Nikamsomea: shangazi akafungua geti, akamtazama mtoto juu hadi chini, akasema, kumbe ndiyo wewe, ingia, kuna vyombo.

Dada hakusema hapana. Bangili ilikuwa imeteleza hadi kwenye vidole, na hakuirudisha.

"Wewe," akaanza polepole, "hiyo picha unaiangalia?"

"Kila siku. Hapa nilipo naiangalia."

"Anaangalia wapi?"

"Nani?"

"Mtoto. Anaangalia wapi?"

Niliinuka nikaibandua, nikaipeleka dirishani penye mwanga, karibu na sahani yenye mkate uliofunikwa. Nilikuwa nimeihesabu picha ile nyufa na mikunjo. Nilikuwa nimekiona kiatu, nikajisifu kwamba nimekipata kile nisichokiomba. Lakini macho ya mtoto sikuyatazama hata mara moja. Mimi niliomba mtoto mbele ya geti, na kichwani mwangu mtoto aliye mbele ya geti analiangalia geti.

Alikuwa ameligeuzia geti mgongo. Alikuwa anatutazama sisi.

"Anayetaka kuingia anaangalia mlango," Dada akasema nyuma yangu.

Ni kweli, hakuwa anataka kuingia. Mimi nilikuwa namsukuma ndani muda wote, mimi na Chaji na mashine na mama mnene mwenye aproni, na mtoto mwenyewe ametugeukia anaangalia barabarani, anamwangalia mtu aliyesimama hapa nilipo mimi. Au hakusimama. Mtu anayekwenda zake.

"Anamwangalia nani, Dada?"

"Shika shuka."

"Dada, nakuuliza..."

"Mashuka ya watu yamelala tangu juzi. Shika shuka, Karani."

Nikaibandika picha mahali pake. Nikachukua shuka la juu, tukalifungua, nikarudi nyuma hadi mlangoni, yeye akabaki kwenye kabati. Pembe zake mbili, pembe zangu mbili. Akavuta. Sikutegemea nguvu ile kwa mikono ilivyokonda. Likapiga pa!

"Alisema anarudi sasa hivi," akasema.

"Nani?"

"Vuta. Unalegeza." Tukakunja kati. "Alisema nisimame hapo getini, nisigonge kwanza, anarudi sasa hivi. Kiatu kilikatika njiani. Akasema anakwenda kukitafutia fundi, akakichukua."

Mpaka leo sijui kama kiatu hicho alikitoa kwenye picha au kilikuwa kwenye kumbukumbu yake tangu zamani, na hakuna mtu duniani wa kumwuliza. Mama amekufa, shangazi amekufa. Aliyebaki kwenye mambo hayo ni mimi, nami sikuwepo. Ndivyo nilivyodhani.

"Mimi nilikuwa nimeshazaliwa?" nikauliza.

"Wewe!" Akanitazama kama anayeshangaa ujinga wangu. "Wewe ulikuwa mgongoni kwake. Umefungwa, kichwa tu ndicho kiko nje. Ulikuwa na kofia ya sufu, nilikushonea kishikizo mimi. Alipoondoka wewe uligeuza shingo. Ukaniangalia, ukaniangalia, mpaka mwisho wa ukuta. Wewe uliniangalia, mdogo wangu. Sikulaumu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na pembe mbili za shuka, na nyuma yake, juu kidogo ya bega lake, mtoto wa kabatini ananitazama. Nikaelewa kwamba picha ile hapo nilipo ndipo ilipopigiwa. Kutoka mgongoni kwa mama, huku mama anatembea. Hesabu ya mashine haikujua hivyo, na mimi nilipotamka ile sentensi sikujua. Au nilijua, mahali fulani chini kabisa, kichwa cha mtoto mchanga kinaweka vitu mahali ambapo mwenye kichwa hafiki. Sitaki kukudanganya kwamba nimepata jibu.

"Njoo," Dada akasema. "Mdogo ndiye anayetembea."

Nikatembea. Sebule yetu ni ndogo, lakini niliiona ndefu. Nikafika, nikamkabidhi pembe zangu, vidole vyetu vikagusana juu ya pindo. Sikuinama kuokota mkunjo. Nikamshika mikono yote, na bangili na shuka.

"Yule mtoto, Dada. Alikuwa anataka nini?"

Alilimalizia shuka mwenyewe juu ya meza, akalipapasa likawa bapa, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha na kiganja. Halafu akaenda dirishani, akafunua kitambaa, akautazama ule mkate wa mgeni, uliokauka pembeni. Akaumega. Akauchovya kwenye chai yangu iliyokuwa imepoa mezani, akaula kipande kidogo, akatafuna kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa nahesabu kila anapomeza bila kuthubutu kusogea. Akamega kingine.

Alipoongea alikuwa ameipa picha mgongo, anatazama nje, barabarani, mahali ukuta wa jirani unapoishia.

"Nilitaka mama ageuke," akasema.